Jino Bila Kofia

Makoti yake meupe nilishona mimi, yote. Alipenda mfuko mmoja tu, juu kushoto, na ndani ya mfuko huo alitaka kijifuko kingine chembamba cha kuwekea kile kioo chake kidogo chenye mkia. Nikimaliza, alilivaa koti palepale barazani, akainua mikono kama mtu anayekaguliwa na askari, akasema, "Fundi, linabana." Halikuwa linabana. Alitaka nijue kwamba ameona kosa. Nililifumua mbele yake, nikalishona vilevile lilivyokuwa. Safari ya pili alisema, "Sasa ndiyo koti."

Watu wa Bariadi bado wanamsifu. Jino likimuuma mtu, utasikia, "Ah, angekuwepo daktari yule!" Mimi simsifu. Alikozaliwa sikujua na ukoo wake sikuuliza. Nitaandika niliyoyaona na kuyasikia nikiwa kwenye cherehani, miaka tuliyokaa baraza moja. Naandika polepole, maana shule yangu iliishia darasa la saba, lakini kwa habari hii sina haraka.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Kila mtu alifungua kitu. Maduka yaliyokuwa na rafu tupu yalijaa sabuni na betri, mitumba ikamwagwa mnadani, na wanunuzi binafsi wa pamba wakaja na magari yao, pamba ambayo zamani ilinunuliwa na ushirika peke yake. Yeye alikuja na kiti. Kiliposhushwa kwenye lori watu walidhani ni cha kinyozi wa kisasa, na wazee wawili wakajipanga kunyolewa. Mwenye nyumba aligawa mahali petu kwa ubao mwembamba wa dari: upande huu mimi na cherehani niliyoachiwa na mjomba, upande ule yeye na kiti chake. Ubao ule ulizuia macho tu. Maneno yalipita kama hakuna kitu.

Neno lake kubwa lilikuwa hili: "Serikali inang'oa, mimi natunza." Alilisema kwa kila aliyekaa kwenye benchi. Na ni kweli, kabla yake jino likikuuma ulikwenda hospitali ya wilaya, likang'olewa, ukarudi nyumbani na pamba mdomoni. Tulizoea hivyo. Namkumbuka mzee mmoja mfugaji aliyemjibu bila kucheka:

"Dakitari, ng'ombe akivunjika mguu tunachinja. Jino bovu unatunza la nini?"

"Mzee, wewe una ng'ombe wangapi?"

"Wapo."

"Na meno?"

Mzee akahesabu kwa ulimi, shavu likitembea. Benchi zima likaangua kicheko, na mzee mwenyewe akacheka, akaingia ndani. Ndivyo alivyowapata watu. Alijua kuwachekesha kwanza, na mtu aliyecheka huwa amekwisha kufungua mdomo.

Mikono yake ilikuwa miepesi. Hilo nitalisema kwa sababu nisipolisema nitakuwa mwongo. Umeme ulikuwa haba, na alikuwa na mashine ya kutoboa meno inayokanyagwa kwa mguu, kama cherehani yangu kabisa. Siku nyingine tulikanyaga sote wawili, kila mmoja upande wake wa ubao, na mgeni aliyekuja asingejua wapi panashonwa nguo na wapi panatobolewa jino. Mkanda wa mashine yake ulipokatika nilimpa mkanda wangu wa ngozi wa akiba. Hakusema ahsante. Alisema, "Fundi, huu umelegea."

Kazi yake hasa ilikuwa kutoa mshipa. Jino likioza mpaka ndani, wengine hung'oa. Yeye alilitoboa katikati, akaingiza vijisindano vyembamba vilivyosokotwa, akachokoa mizizi mpaka ikawa mitupu, akaisafisha, akaijaza dawa, akaziba. Maumivu yaliisha. Watu waliokuja wakishika mashavu kwa kanga waliondoka wakizungumza. Nilikuwa nawasikia, na mimi pia nilimwona kama mtu wa ajabu. Chuki yangu haikuanza siku ya kwanza.

Sukari alikuwa adui yake, lakini chai yake iliweza kusimamisha kijiko. Mama akipita na mtoto anayenyonya soda, alitoka nje na koti lake, akamkaripia barabarani mpaka mama yule akamficha mtoto nyuma ya kanga. Kisha alirudi ndani, akaagiza chai na maandazi yaliyopakwa sukari. Nilipomwangalia alisema, "Mimi yangu yamekwisha kukamilika."

Sikuelewa mpaka nilipomwona akila. Mchana alikula kwa mama lishe aliyekuwa mkabala nasi, na alikuwa anaagiza mbavu. Nyama aliila haraka kama watu wote, halafu mfupa akauhamishia upande wa kulia, nyuma kabisa, akaubana. Kah! Mifupa ya mbuzi ilipasuka mdomoni mwake kama kuni kavu. Mama lishe alikuwa akisema, "Daktari, mbwa wangu watakushitaki." Yeye alifungua mdomo kwa majivuno, akaonyesha. Nyuma kulia palikuwa na meno matatu ya rangi ya fedha, yanang'aa, yamefunikwa yote mpaka kwenye fizi.

"Kofia," alisema. "Hizi nilivikwa Nairobi. Ndani yake ni meno yangu mwenyewe."

Tulidhani ni pambo, kama watu wanavyovaa saa.

Sasa niseme juu ya ndimi zake mbili. Alipofika hakujua Kisukuma hata neno moja. Wagonjwa wengi wa vijijini hawakijui Kiswahili vizuri, hasa kina mama, na mwanzoni aliniita mimi nikatafsiri. Niliona aibu sana kusimama mbele ya watu wazima nikiwauliza habari za vinywa vyao, lakini nilikwenda. Baadaye akajifunza mwenyewe, maneno machache tu, yale ya kazi. Mwadila, ya kusalimia mchana. Wabeja, ya kushukuru. Asama, fungua mdomo. Na la mwisho, alilolipenda kuliko yote: lyapila. Maana yake, limepona. Akimaliza kuziba, alimpiga mgonjwa begani, akasema kwa sauti ya kutangaza, "Lino lyapila, mayu!" Jino limepona, mama! Matamshi yake yalikuwa ya kuchekesha. Wamama walipenda. Mtu wa mbali, msomi, mwenye koti, amejisumbua kusema kama sisi. Walikwenda vijijini wakamwiga, na wengine wakaja kwa sababu ya neno hilo tu.

Tangu hapo hakuniita tena.

Mama yangu alikuja mwaka wa tatu wa baraza letu. Nyumbani kwetu ni Ipililo, upande wa Maswa, na alipanda gari la mizigo lililokuja mnadani. Shavu la kulia lilikuwa limevimba. Lazima nieleze kinywa chake, maana habari yote imo humo. Upande wa kushoto magego yake yote yaliisha zamani, moja moja, hospitali ya wilaya. Upande wa kulia alibaki na gego moja chini lililokutana na moja juu. Hayo mawili ndiyo yaliyokuwa yakimlisha. La chini ndilo lililooza.

Na kwetu kula si kwa kila mtu na sahani yake. Wanawake wanakaa kuzunguka chungu kimoja, mke mwenza, wakwe, majirani waliokuja kupalilia, kila mmoja anamega. Asiyetafuna upesi anaondoka na njaa, na hakuna anayemwonea huruma, maana hakuna anayemwangalia. Mama alikuwa mtu wa kwanza kucheka kwenye chungu na wa mwisho kunyanyuka. Aliponiambia, "Ng'wana wane, mwanangu, wakiling'oa hili nitakula na watoto," nilielewa. Watoto wadogo ndio wanaopewa uji pembeni.

Nilimpeleka upande wa pili wa ubao. Nikasimama karibu na kiti, nikaanza kueleza.

"Kijana, kaa nje," daktari alisema. "Mimi na mama tunaelewana. Siyo, mayu?"

"Siyo!" mama alirudia neno lake tu, akacheka na uvimbe wake.

Alikuja mara mbili tena, kwa sababu mizizi ya gego ni mingi na kila mmoja husafishwa peke yake. Mara ya mwisho nilikuwa nashona sare za shule nikasikia kupitia kwenye ubao, "Lino lyapila, mayu!" na mama akijibu, "Wabeja, wabeja, dakitari!" Alitoka akinipigia vigelegele mimi, kana kwamba nimelitibu mimi. Jioni ile alikula nyama choma kwa mama lishe, na siku iliyofuata akapanda gari la kurudi Ipililo.

Haikupita hata wiki mbili, akaja mnunuzi mmoja wa pamba, mtu mnene mwenye viatu vya ngozi. Jino lake lilikuwa gego la chini vilevile, na kazi aliyofanyiwa ilikuwa ileile. Nilijua kwa mlio wa mashine. Alipomaliza kuziba sikusikia lyapila. Nilisikia chai ikimiminwa.

"Sasa, bwana mkubwa," daktari alisema kwa Kiswahili chake kizuri, "usije ukadhani limepona. Hili limekufa. Nimelitoa mshipa, halina damu wala maji. Jino la namna hii linakauka. Ni kama mpini wa jembe. Mpini ni nini? Ni mti uliokufa. Usipouvika pete ya chuma pale kwenye kichwa, unafanya kazi vizuri leo, kesho vizuri, kesho kutwa uko katikati ya tuta, unapasuka."

"Kwa hiyo pete yake ni ipi?"

"Kofia. Nalichonga kidogo pembeni, nachukua kipimo, nakipeleka Mwanza. Ikirudi nalivika jino zima, juu mpaka chini. Hapo tafuna utakacho. Angalia yangu."

"Na nikikaa nalo hivi hivi?"

"Mpaka utakapouma kitu kigumu. Likipasuka kuelekea chini kwenye mzizi, mimi sina la kufanya. Hata Nairobi hawana. Ni kung'oa tu."

Mguu wangu uliacha kukanyaga. Yule bwana hajawahi kushika jembe maishani mwake, mikono yake ilikuwa laini kama ya mtoto, na ndiye aliyepewa mfano wa mpini. Mama yangu anaishi kwa jembe. Mwaka uliotangulia tu nilimwona akizungushia mpini wake pete aliyoikata kwenye bomba la baiskeli kuukuu. Angeelewa kabla sentensi haijaisha. Yeye alipewa neno moja.

Mimi si mtu wa kusema. Hata kanisani kwetu naimba mdomo ukiwa nusu. Lakini jioni ile alipokuwa anafunga mlango nilikwenda nikasimama mbele yake.

"Daktari, na la mama je?"

"La mama limefanya nini?"

"Kofia."

Aliniangalia, akaelewa kwamba ubao hauzuii maneno. Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

"Fundi, kofia ni kwa watu wanaokula mifupa. Mama yako anakula ugali na mlenda. Mlenda una mfupa?"

"Anakula pia—"

"Kipimo kinakwenda Mwanza, kinarudi. Anatakiwa aje, arudi, aje tena. Atoke Ipililo kila mara? Hatakuja. Nawajua. Maumivu yakiisha hamji." Akafunga kufuli, akalivuta kuhakikisha. "Wewe shona. Lile limepona."

Hakunitajia hata bei. Angenitajia ningeweza kusema sina, au ningeweza kusema tutauza mbuzi. Alijijibu mwenyewe kwa niaba yetu, akaondoka na mwavuli wake.

Jumapili nilikwenda Ipililo kwa baiskeli. Nilimkuta mama anaanika viazi juu ya mwamba ulio nyuma ya nyumba. Nikamwambia kila kitu, mpini, pete, kofia, na kwamba asitafune kitu kigumu upande ule. Alinisikiliza huku akipanga vipande.

"Dakitari alisema nini? Alisema lyapila."

"Mayu, alisema vingine kwa mtu mwingine."

"Huyo mtu mwingine ana jino lake. Mimi nina langu." Akanirushia kipande cha kiazi ambacho bado hakijakauka. "Yeye ni dakitari, wewe ni fundi nguo. Nikitaka kupunguza gauni nitakuuliza wewe."

Majirani waliokuwa wakimsaidia kuanika wakacheka, na nikarudi Bariadi.

Wasiotoka kwetu huenda hawajui matobolwa. Kiazi kitamu kinachemshwa, kinakatwa vipande, kinaanikwa juani mpaka kinakuwa kigumu kama kokoto. Ndicho chakula cha miezi ya ukame, na kinakaa mwaka mzima bila kuoza. Ukiwa na muda unakiloweka. Ukiwa shambani unakibana kwenye gego, unakivunja, halafu unakimung'unya taratibu mpaka utamu unatoka. Mtoto wa Kisukuma anapoota magego anapewa kipande ajaribu, na watu wanasikiliza mlio. Daktari aliishi Bariadi miaka yote ile, akaviona vimerundikwa sokoni kila msimu, na hakuwahi kuuliza watu wanavitafunaje. Alijua ugali na mlenda.

Miezi michache baadaye mama alikuwa amekaa na wenzake chini ya kivuli cha ghala, wamepumzika kuchuma pamba, matobolwa yapo kwenye ungo. Walisema walisikia mlio na walidhani ni kipande kimevunjika. Mama mwenyewe alidhani hivyo. Akatema mkononi, na katika vipande vya kiazi palikuwa na upande mzima wa jino.

Upande mwingine ulibaki, umepasuka mpaka chini. Ukavimba. Nilimchukua nikampeleka hospitali ya wilaya, si kwa yule. Mhudumu wa meno pale alikuwa mwanamke mpole mwenye sauti ya chini. Alitoa vipande kimoja kimoja kwa muda mrefu, akaviosha, akaviweka kwenye bakuli la chuma, akavigeuza.

"Nani alitibu hili?"

Nikamwambia.

"Kazi ya ndani nzuri sana," alisema. "Mizizi yote imejazwa mpaka mwisho. Wengi hawawezi." Akavigeuza tena. "Sasa jino limekufa, kwa nini hakulivika kofia?"

Mama, ganzi bado mdomoni, akanivuta shati. Kiswahili anakisikia kidogo, hakisemi. "Kasema limefanya nini?"

"Limekufa, mayu. Tangu siku ile lilikuwa limekufa."

"Limekufa," akarudia kwa Kiswahili, taratibu, kama mtu anayejifunza jina la mtu.

Hapo ndipo alipoanza kula na watoto. Hakuna aliyemwambia. Siku moja chungu kiliwekwa na yeye akajichotea uji, akakaa upande wa mlango. Mke mwenza alisema, "Njoo bwana, tunakumegea laini." Mama akasema ameshiba. Kwenye harusi ya binamu yangu walichinja ng'ombe wawili na alikaa na mchuzi. Alikuwa akicheka bado, lakini alicheka akiwa ameinama, na upande wa kulia wa uso wake ulianza kubonyea kama kibuyu kilichokauka vibaya.

Mimi niliendelea kushona upande wangu wa ubao. Sikumwambia daktari. Siku aliyoniletea kitambaa cha koti jipya nilisema nina kazi nyingi. Akasema, "Fundi, siku hizi una maringo." Akampelekea fundi mwingine, na koti lile kweli lilimbana. Nilifurahi kila alipoinua mkono. Ni furaha ndogo, lakini ndiyo niliyokuwa nayo.

Kadiri nilivyomsikiliza baada ya hapo ndivyo nilivyozidi kumchukia, maana sasa nilijua cha kusikiliza. Kwa mwalimu mkuu: limekufa, linataka kofia. Kwa karani wa mahakama: limekufa. Kwa mwenye mashine ya kukoboa mpunga kutoka Kiloleli: limekufa, mpini wa jembe, pete. Kwa mama wa Mkula aliyekuja na kuku: lyapila. Kwa mchungaji wa ng'ombe aliyevaa lubega: lyapila, bega likapigwa. Hakuwa amejifunza Kisukuma ili aseme nasi. Alijifunza cha kutosha tu kumaliza maongezi.

Wanaomsifu wananiambia, "Lakini alikuwa hatozi yatima." Ni kweli, hakutoza. Aliwahi kuacha chakula chake kwa mama lishe akaenda kumtibu mfungwa aliyeletwa na pingu, akawaagiza askari wamfungue kwanza. Hilo nililiona kwa macho. Nimeliandika. Halibadilishi kitu mdomoni mwa mama yangu.

Baada ya miaka kadhaa alifunga. Mikono ilianza kutetemeka, walisema, na vijana wenye mashine za umeme walikwisha fungua karibu na stendi. Kiti kiliondoka kwenye lori kama kilivyokuja. Sikutoka kuaga.

Mara ya mwisho kumwona ilikuwa Ipililo, nyumbani kwetu. Nilikuwa nimekwenda kusaidia kuvuna. Likaja gari dogo, likasimama kwenye boma la jirani anayeuza ng'ombe. Daktari alikuwa anaoza binti yake, akitafuta dume la sherehe. Jirani hakuwepo, basi wakamwelekeza asubiri kwetu. Alishuka mzee, bila koti jeupe, amekonda, mkono wa kulia ukicheza peke yake. Alinitambua kabla sijamsalimia.

"Fundi! Kumbe ndiyo kwenu huku."

"Shikamoo."

"Marahaba. Na mayu yupo?"

Mama alitoka na kigoda, maana mgeni ni mgeni. Akatoka tena na maji ya kunywa, halafu ungo wa matobolwa, ndicho kilichokuwepo. Kikombe chake mwenyewe alikuwa nacho mkononi, kipande kimoja kimelowekwa ndani yake tangu asubuhi.

Daktari akamwangalia akijaribu kukumbuka, na nafikiri alikumbuka. Uso wake ulichangamka, ule uso wa benchi.

"Mwadila, mayu! Lino lyapila?"

Mama yangu hajawahi kuzungumza Kiswahili nyumbani kwake. Alikaa chini, akatengeneza kanga, akamjibu kwa Kiswahili:

"Limekufa, dakitari."

Daktari hakumjibu yeye. Alinigeukia mimi.

"Lilipasuka?"

"Mwaka uleule. Kwa hivi." Nikaonyesha ungo.

Akaanza kusema upesi, kwa sauti ya chini, kama mimi peke yangu ndiye niliyekuwa pale. "Sikiliza, fundi. Nilijaribu mwanzoni. Wewe mwenyewe ulinitafsiria. Unamkumbuka yule bibi wa kwanza? Nilisema jino limekufa, ukamwambia kwa Kisukuma. Alifanya nini? Alisema ling'oe sasa hivi, hawezi kulala na kitu kilichokufa kinywani, wazee watamwuliza. Nikaling'oa. Jino zuri. Na wa pili hivyo hivyo. Ningefanya nini? Nikaona bora niseme limepona, wapate kulitumia kidogo. Mama yako alitafuna nyama msimu mzima. Ningesema ukweli angetoka bila jino siku ileile."

Yule bibi nilimkumbuka. Ilikuwa kweli.

"Kasema nini?" mama akauliza.

Daktari akainua mkono kunizuia. "Mwambie tu nampa pole."

Sikumwambia pole. Nilitafsiri yote, toka mwanzo, taratibu, sikuacha neno, na kofia za wengine nikaziongeza. Ilichukua muda. Kuku walikuja wakazunguka ungo, mama akawafukuza kwa mguu, akaendelea kusikiliza. Nilipomaliza alifikiri, akasema kwa Kisukuma:

"Muulize meno yake yale ya fedha. Ndani ni mazima, au yamekufa?"

Nikamuuliza.

"Yamekufa," daktari alisema. "Yote matatu. Zamani."

Nikampa mama jibu. Akatikisa kichwa polepole, si kwa hasira.

"Basi mwambie hivi. Yeye analala na wafu watatu kinywani, usingizi unamjia. Akaona mimi siwezi kulala na mmoja."

Nilimwambia. Upande wa boma tulisikia jirani akirudi na ng'ombe, kengele zikilia.

Mama alichukua ungo kwa mikono miwili, akausogeza mpaka magotini pake.

"Kula, dakitari," akamwambia kwa Kiswahili. "Wewe una kofia."

Kwetu mgeni hakatai kilichowekwa mbele yake, na miaka yote ile alikuwa ameshajifunza angalau hilo. Alichukua kipande kimoja. Aliushika mkono wa kulia kwa wa kushoto. Akakipeleka nyuma, upande wa kulia, akabana.

Kah!

Kiazi kilivunjika vipande viwili. Jino lake halikufanya kitu. Mama aliusikiliza mlio ule mpaka mwisho, kama tunavyousikiliza kwa mtoto, kisha akageuza kipande chake ndani ya kikombe, akakibonyeza kwa kidole. Kilikuwa bado kigumu.